Barua zinatoka kwa jina lenu lakini hamkuzituma: anzia wapi kutafuta

Wakala wa forodha mjini Lubumbashi anapigiwa simu na mteja wa Kolwezi: "Fakture yenu imefika, lakini mbona akaunti ya benki imebadilika?" Mhasibu anaapa kwamba hajatuma kitu. Au sanduku la ofisi linajaa mamia ya barua za MAILER-DAEMON (taarifa za seva kwamba barua imeshindwa kufika) kuhusu watu ambao hakuna anayewajua. Au barua zote zinazokwenda Gmail zinakataliwa, na foleni ya seva ina barua elfu arobaini.

Malalamiko hayo matatu yanafanana, ila tiba zake hazifanani. Kabla ya kugusa chochote, jibu swali moja: barua hiyo ilipita kwenye seva yenu, au haikupita? Wengi huliruka swali hili. Ndiyo maana utakuta mtu anaisakinisha seva upya kwa sababu ya barua ambayo haikuigusa kamwe, na mwingine anaongeza rekodi za DNS (kitabu cha anwani cha intaneti) huku seva yake ikibeba mizigo ya matapeli usiku kucha.

Pata barua yenyewe, si picha yake

Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp haisaidii. Barua ikitumwa mbele kwa njia ya kawaida, vichwa vyake, yaani mistari inayoonyesha ilivyosafiri, hupotea. Mwombe aliyeipokea afungue vichwa kamili: kwenye Gmail ya Kifaransa ni nukta tatu kisha "Afficher l'original", kwenye Thunderbird ni Ctrl+U, na kwenye Outlook ya kompyuta ni Fichier, Propriétés, kisha kisanduku cha "En-têtes Internet". Ainakili yote na kuituma kama faili.

Utaona kitu cha namna hii:

```
Return-Path: <info@duka.example>
Received: from vps17.mbali.example (vps17.mbali.example [198.51.100.44])
   by mx.mteja.example; Tue, 4 Mar 2025 09:12:31 +0200
Authentication-Results: mx.mteja.example;
   spf=pass smtp.mailfrom=duka.example; dkim=none;
   dmarc=fail header.from=transit.example
From: "Uhasibu" <compta@transit.example>
Reply-To: compta.transit@barua.example
```

Mistari ya `Received` husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva huweka wake juu ya iliyoukuta. Mistari ya chini tapeli anaweza kuitunga mwenyewe. Wa kuaminiwa ni ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji, na ndani yake la kutazama ni namba ya IP iliyo kwenye mabano ya mraba. Majina mengine mtumaji hujitajia apendavyo. Ikiwa IP hiyo si yenu wala ya kampuni inayowatumia barua, seva yenu haihusiki. Ikiwa ni yenu, ruka hadi sehemu ya "Ilipita kwenu".

Angalia saa pia. Lubumbashi iko +0200, Kinshasa +0100, na seva nyingi za kukodi huandika logi (kumbukumbu za kazi zake) kwa UTC, saa ya dunia. Ukitafuta barua ya saa 3:12 asubuhi kwenye logi ya UTC, utaikuta 07:12. Weka seva kwenye `Africa/Lubumbashi` kwa `timedatectl set-timezone`, uondokane na hesabu hizo.

Haikupita kwenu: jina limeghushiwa

SMTP, lugha ambayo seva hukabidhiana barua, iliandikwa mwaka 1982, na haikuweka ukaguzi wowote wa mtumaji. Kuna anwani mbili: ya bahasha, inayotajwa kwa `MAIL FROM` na kubaki kwenye `Return-Path`, na ya barua yenyewe, yaani `From`, ambayo ndiyo msomaji anaiona. Hakuna kinacholazimisha zilingane.

Rudi kwenye mfano. SPF, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni, imepita! Imepita kwa sababu SPF hukagua anwani ya bahasha, na tapeli aliweka domeni yake mwenyewe, duka.example, yenye SPF safi kabisa. Kwa hiyo mtu anayesema "tumeshaweka SPF, mbona bado wanatughushi" hajakosea kuandika rekodi. Kilichokosekana ni DMARC, ambayo hudai kwamba domeni ya `From` ilingane na ile iliyopita SPF au ile iliyotia sahihi ya DKIM (sahihi ya kidijitali inayowekwa na seva inayotuma). Hapo juu DMARC imeshindwa, lakini barua imefika kwa sababu mwenye domeni hakuagiza ikataliwe.

Kagua mlicho nacho:

```
dig +short TXT transit.example
dig +short TXT _dmarc.transit.example
```

Amri ya kwanza itoe mstari mmoja tu unaoanza na `v=spf1`. Ikiwa miwili, kwa mfano mmoja wa kampuni ya tovuti na mwingine wa fundi aliyefuata, matokeo ni `permerror` (kosa la kudumu) na ni kama hamna SPF. Matokeo hayohayo hutokea `include`, `a`, `mx` na nyinginezo zikilazimisha maswali ya DNS zaidi ya 10. Mwisho wa mstari uwe `-all` au `~all`. `+all` humruhusu kila mtu duniani.

DKIM iwe na ufunguo wa biti 2048. Kamba moja ya TXT haizidi herufi 255, hivyo ufunguo huo hukatwa vipande viwili vyenye alama zake za kunukuu. Baadhi ya paneli za domeni hukata mkia bila kusema neno, na unabaki na `dkim=fail` usioeleweka. Linganisha jibu la `dig` na faili la ufunguo, herufi kwa herufi.

DMARC anza nayo kwa upole:

```
v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@transit.example
```

Ripoti ambazo seva za wapokeaji zitatuma kwenye anwani ya `rua` zitakuonyesha nani wote hutuma kwa jina lenu, pamoja na mliowasahau: programu ya fakture, tovuti, mashine ya kuskani. Wasahihishe kwa wiki kadhaa, kisha panda hadi `p=quarantine`, halafu `p=reject`. Kurukia `reject` siku ya kwanza ni njia ya uhakika ya kupoteza fakture zenu wenyewe. Kwa upande mwingine, `p=none` iliyoachwa miaka mitatu haimzuii yeyote. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo hudai SPF, DKIM na DMARC kwa anayewatumia barua nyingi (kwa Gmail, kuanzia 5000 kwa siku), na hata mtumaji mdogo lazima awe na SPF au DKIM. Domeni mliyonunua bila kuitumia kwa barua, ipeni `v=spf1 -all` na DMARC ya `p=reject` papo hapo.

Mambo mawili DMARC haiyagusi. Moja ni domeni inayofanana na yenu, `rn` ikiwekwa mahali pa `m`. Tapeli ndiye mmiliki wake, na kila ukaguzi utapita. La pili ni jina tupu la kuonyeshwa: "Mkurugenzi" akiandika kutoka anwani ya bure, ambayo simu nyingi huificha. Hapo dawa ni ya kazini: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua, bali mtu hupiga namba iliyokuwa kwenye daftari tangu zamani, si ile iliyo kwenye fakture mpya.

Na ukiona `spf=pass`, `dkim=pass` na `dmarc=pass`, zote kwa domeni yenu halisi, usiseme jina limeghushiwa. Mara nyingi mtu ameingia ndani ya sanduku. Tafuta kwanza kanuni za kupeleka barua nje: mara nyingi huwa imewekwa moja inayohamisha kila barua yenye neno "facture" au "RIB" (maelezo ya akaunti ya benki) kwenda anwani ngeni, na kuzificha zinazorudi.

Mvua ya MAILER-DAEMON

Fungua barua iliyorudishwa, usome vichwa vya ile ya asili iliyoambatanishwa ndani. Ikiwa haikutoka kwenu, tapeli ametumia anwani yenu kwenye bahasha, na seva zembe za watu wengine zinawarudishia takataka. Hupungua zenyewe baada ya siku chache. Zichuje, lakini usizuie kabisa barua zenye mtumaji mtupu `<>`, maana taarifa halali za barua zilizoshindwa huja kwa njia hiyohiyo.

Sasa jiulize kama seva zembe si yenu. Lubumbashi umeme wa SNEL ukikatika na betri zikiisha, seva ya ofisini hulala, hivyo wengi hukodi seva ya pili Ulaya iwe MX ya akiba (MX ni seva inayopokea barua za domeni). Seva hiyo haijui ni wafanyakazi gani wapo. Hupokea barua za majina yote, hata ya kubuni, na ya kwanza ikiamka na kuzikataa, ile ya akiba hulazimika kuzirudisha kwa mtumaji aliyeghushiwa. Matapeli hulijua hilo na huilenga MX ya akiba makusudi. Ipe orodha ya wapokeaji halisi kwa `relay_recipient_maps`. Au iondoe kabisa. Kwa ofisi ndogo hilo ndilo bora, kwani seva za wenzenu hujaribu tena kwa siku kadhaa (Postfix, programu ya seva ya barua, kwa kawaida yake hungoja siku 5), na ni nadra umeme kukosekana muda huo wote.

Ilipita kwenu: zuia kwanza, chunguza baadaye

Maelezo haya ni ya Postfix, ambayo ndiyo tunayoikuta mara nyingi. Simamisha utumaji wa nje bila kuzima upokeaji:

```
postconf -e 'defer_transports = smtp'
postfix reload
postqueue -p | tail -n 1
```

Mstari wa mwisho hukupa ukubwa wa foleni. Usikimbilie `postsuper -d ALL`. Humo ndani kuna nyaraka za lori lililokwama mpakani Kasumbalesa. Chukua kitambulisho cha barua taka moja, uitafute kwenye logi: `/var/log/mail.log` kwa Debian na Ubuntu, `/var/log/maillog` kwa jamii ya Red Hat.

```
grep 4F2C1A0 /var/log/mail.log
postcat -q 4F2C1A0 | less
```

Mstari wa kwanza wa barua hiyo kwenye logi ndio unaotaja chanzo.

Ukiona `sasl_username=stock@transit.example` pamoja na IP ya nchi ya mbali, neno la siri limeibiwa. Libadilishe, kisha `postfix stop` na `postfix start`, kwa sababu muunganisho uliokwisha kufunguka haukatiki kwa kubadilisha neno la siri peke yake. Kwa Dovecot, programu inayowafungulia watu masanduku yao, ongeza `doveadm kick stock@transit.example`. Halafu ruhusu kuingia kwenye poti ya 587 au 465 tu: `smtpd_sasl_auth_enable = no` ndani ya main.cf, na `yes` chini ya huduma hizo ndani ya master.cf. Weka pia `smtpd_tls_auth_only = yes`, ili neno la siri lisisafiri wazi kwenye Wi-Fi ya watu.

Ukiona `pickup` yenye `uid=33`, barua imezaliwa ndani ya seva, na kwenye Debian 33 ni mtumiaji wa tovuti, www-data. Kama PHP ina `mail.add_x_header = On`, kichwa `X-PHP-Originating-Script` kitataja faili. Karibu kila mara ni fomu ya mawasiliano inayochukua anwani ya mgeni na kuibandika kwenye `From` bila kukagua. Tapeli huingiza mstari mpya humo na kuongeza wapokeaji wake. `From` iwe anwani yenu isiyobadilika, ya mgeni iende `Reply-To`, na chochote chenye `\r` au `\n` kikataliwe.

Ukiona `client=unknown[198.51.100.9]` bila `sasl_username`, na mtumaji na mpokeaji wote si wa kwenu, hiyo ni rilei wazi. Mtu yeyote anaikabidhi seva yenu barua ya kwenda popote, nayo inaipeleka. Tazama mistari hii (`mynetworks` ni orodha ya IP ambazo seva inaziamini):

```
postconf mynetworks mynetworks_style relay_domains
postconf smtpd_relay_restrictions smtpd_recipient_restrictions
```

Inayotakiwa ni:

```
mynetworks = 127.0.0.0/8 [::1]/128
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks,
   permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination
```

Makosa tunayoyakuta: `0.0.0.0/0` iliyowekwa "kwa muda" ili mashine ya kuskani ifanye kazi; `mynetworks_style = subnet` kwenye seva ya kukodi, ambapo majirani wote wa mtandao huo hugeuka watu wa nyumbani; na hili baya kuliko yote, `check_sender_access` lenye mstari `transit.example OK` mbele ya `reject_unauth_destination`. Aliyeliandika alitaka kuwaruhusu wafanyakazi wake. Alichoruhusu ni kila anayejua kuandika jina la domeni, maana anwani ya mtumaji ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi.

Rauta inayowavika wageni nguo za nyumbani

Sababu hii inastahili sehemu yake, kwa kuwa faili la Postfix huonekana safi kabisa. Kwenye logi utakuta hivi:

```
client=_gateway[192.168.1.1]
```

Kila barua, hata ya kutoka ng'ambo, inaonekana imetoka kwenye rauta. Na kama `mynetworks` ina 192.168.1.0/24, wageni wote wanapita.

Kwenye rauta za MikroTik chanzo ni kanuni ya masquerade isiyo na njia ya kutokea. Inabadilisha anwani za wanaotoka, kama inavyotakiwa, lakini pia za wanaoingia kupitia poti ya 25, ambayo seva hupokelea barua za seva nyingine. Mara nyingine iliongezwa ili wafanyakazi walio ndani waweze kufungua webmail kwa jina la nje.

```
/ip firewall nat print
/ip firewall nat set 0 out-interface=ether1
```

Namba 0 ibadilishe kulingana na ulichokiona kwenye `print`. Ukiwa na PPPoE, njia ni `pppoe-out1` au jina mlilolipa. Ukiwa na watoa huduma wawili tumia `out-interface-list=WAN`. Ile ya webmail ibane kwa `src-address=192.168.1.0/24` na `dst-address` ya seva.

Kuna toleo lake jipya. Ofisi yenye intaneti ya 4G au ya satelaiti isiyo na IP ya umma huvuta poti ya 25 kupitia handaki la WireGuard kutoka seva ya kukodi, na seva hiyo ya kukodi huweka masquerade. Postfix ya ofisini inaona 10.8.0.1 kwa kila mtu. Hata msiporuhusu anwani hiyo, mmeshajipofusha: SPF haikaguliki tena, wala orodha nyeusi za IP zinazotuma taka. Sakinisha Postfix kwenye seva ya kukodi yenyewe, ipokee na kukagua huko, kisha ikabidhi barua zenu tu kwa seva ya ofisi. Au tumia HAProxy, inayoipelekea Postfix IP halisi ya mtumaji, na `smtpd_upstream_proxy_protocol = haproxy`.

Mashine ya kuskani isiyojua kuingia kwa neno la siri, iongeze peke yake kwa /32, yaani anwani moja tu. Anwani ya rauta isiingie `mynetworks` hata siku moja.

Jaribu kutoka nje

Jaribio la kutoka ndani ya ofisi halina maana, kwa kuwa mtandao wenu huenda umeruhusiwa. Mitandao mingi ya simu hufunga poti ya 25, hivyo tumia seva nyingine ya nje. Na jaribu seva yenu tu, si ya jirani.

```
telnet 203.0.113.25 25
EHLO jaribio.example
MAIL FROM:<mtu@nje.example>
250 2.1.0 Ok
RCPT TO:<mwingine@mbali.example>
554 5.7.1 <mwingine@mbali.example>: Relay access denied
```

554 ndiyo mnayoitaka. 454 ni salama pia, ila mtumaji ataendelea kurudi. `250 2.1.5 Ok` maana yake mlango uko wazi. Rudia ukiwa na mtumaji wa domeni yenu, na mtumaji mtupu `<>`, na mpokeaji wa mtindo wa kale `mwingine%mbali.example@transit.example`.

Rilei ikifungwa, tapeli bado anaweza kumwandikia mhasibu wenu kwa jina la mkurugenzi wenu kupitia seva yenu wenyewe, kwa sababu barua ya kuja kwenu si ya kupitishwa. Hapo lazima nanyi mkague DMARC kwa barua zinazoingia, kwa rspamd au OpenDMARC. Na ili aliyeingia kama `stock` asitume kama `direction`, weka `smtpd_sender_login_maps` pamoja na `reject_sender_login_mismatch`.

Kusafisha na kufungua tena

Futa kwa mtumaji, si kwa jumla (Postfix 3.1 na kuendelea, pamoja na jq):

```
postqueue -j | jq -r 'select(.sender=="stock@transit.example") | .queue_id' | postsuper -d -
```

Kisha tazama orodha nyeusi. Kwa Spamhaus, mmoja wa watunzaji wa orodha hizo, jibu 127.0.0.4 ni XBL: kwa kawaida kuna kompyuta yenye virusi nyuma ya IP hiyo, na si lazima iwe seva. 127.0.0.10 au 11 ni PBL, ambayo si adhabu. Inasema tu kwamba IP hiyo ni ya wateja wa kawaida na haifai kutuma barua moja kwa moja. Msibishane nayo: tumeni kupitia `relayhost`, yaani seva nyingine inayowapitishia barua, kwenye 587. Ukipata 127.255.255.254, umeuliza kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, na hilo si jibu kuhusu IP yenu.

Kwa XBL, zuia poti ya 25 kwa wote isipokuwa seva, na logi ya rauta itaitaja kompyuta yenye ugonjwa:

```
/ip firewall filter add chain=forward protocol=tcp dst-port=25 src-address=!192.168.1.10 out-interface=ether1 action=drop log=yes
```

Ipandishe juu ya kanuni za accept na fasttrack, la sivyo haitaguswa.

Ombi la kuondolewa kwenye orodha litume baada ya kuziba tundu. Ukiondolewa na kurudi siku hiyohiyo, ombi la pili huwa gumu zaidi. Hakikisha pia jina la kinyume, PTR, linalingana na jina la seva. Hilo huwekwa na mtoa huduma wa IP, si kwenye paneli ya domeni.

Mwishowe `postconf -e 'defer_transports ='`, reload, na `tail -f` kwenye logi. Barua zitatoka, lakini Gmail huenda ikajibu 421 (jaribu baadaye) kwa saa kadhaa au siku moja mbili. Iachie Postfix ijaribu yenyewe. Ukipiga `postqueue -f` kila dakika unairefusha adhabu.